NGUVU ZA PORTIA ZILITOKA WAPI?
Somo juu ya watu wa hadithi: asili, daraja na jinsia



Sisi wa darasa la mwisho tumepewa kurasa hizi kusudi tuwasaidie wadogo zetu katika kazi ya kusoma vitabu. Mwalimu akiuliza, "Huyu mtu wa hadithi ni mtu wa namna gani?", wengi wanajibu kwa neno moja: ni mwema, ni mbaya, ni mwerevu, ni mchoyo. Mistari mitatu, daftari imefungwa. Jibu la namna ile halitoshi, na siku ya EXETAT halitatupeleka mbali. Kuna swali lingine linalofungua kitabu zaidi: huyu mtu ana nguvu gani, alizipata wapi, na zinaishia wapi?

Tukisema nguvu, hatusemi zile za mikono. Tunasema uwezo wa kunena watu wakanyamaza, uwezo wa kukataa, wa kuchagua, wa kuamuru jambo likafanyika. Ndani ya kitabu, sawa na ndani ya mji, uwezo huo haukugawanywa sawasawa. Mmoja akikohoa, wote wanageuka. Mwingine akilia usiku kucha, hakuna anayeuliza ni nani.

1. Mizani tatu

Tunajua Waraka kwa Wagalatia 3:28. Pale Mtume Paulo anataja jozi tatu za watu: Muyuda na Mgriki, mtumwa na mtu huru, mwanaume na mwanamke. Tuziangalie vizuri. Jozi ya kwanza ni asili, maana yake kabila, taifa na rangi. Ya pili ni daraja, maana yake mali na cheo. Ya tatu ni jinsia. Paulo alizitaja kusudi afundishe kama katika Kristo haziwezi tena kuwagawanya watu. Lakini asingekuwa na haja ya kuzitaja kama hazikuwa zinawagawanya watu kila siku katika miji aliyopita.

Basi tutazitumia kama mizani tatu. Kila mtu wa hadithi tutampima katika kila moja. Wengine wako juu katika moja na chini katika nyingine, na mchezo mzima unatoka pale.

2. Kitabu chenyewe

Kitabu tulichochagua ni Mabepari wa Venisi. Ni mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, Mwingereza, ulioandikwa karibu na mwaka 1597 na kupigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1600. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, aliutafsiri kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Wanaousoma kwa Kifaransa wanaujua kwa jina Le Marchand de Venise.

Angalieni kichwa cha kitabu. Kwa Kiingereza anatajwa mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliandika mabepari, yaani wengi. Zamani bepari alikuwa mfanyabiashara tu, lakini kisha Azimio la Arusha la mwaka 1967 watu wa Tanzania walisikia katika neno lile mtu ambaye mali yake inakula jasho la wengine. Kwa neno moja tu, mtafsiri ametuwekea mizani ya daraja mezani kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Antonio ni mfanyabiashara wa Venice, na mali yake yote iko baharini katika merikebu. Rafiki yake Bassanio, muungwana aliyekwisha kula mali yake, anataka kumwoa Portia, binti tajiri wa Belmont. Ili aende kule kwa heshima anahitaji feza. Antonio hana feza mkononi, basi anakopa ducat 3000 kwa Shylock, Muyuda mkopeshaji, kwa miezi mitatu. Kontra inasema: deni lisipolipwa siku yake, Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, kama nusu kilo. Habari inafika kama merikebu zimepotea. Siku inapita. Shylock anataka nyama yake, na kesi inafika katika tribinali.

Tusiseme hayo ni mambo ya Ulaya tu. Hamed bin Muhammed, huyo tunayemwita Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa mji mkubwa wa biashara yake, naye alitembea na mali ya mkopo. Aliyemkopesha kule Unguja alikuwa Taria Topan, Mhindi. Pembe za ndovu na watumwa walitoka huku kwetu. Hesabu ilifanyika kule. Na Kiswahili tunachoandika hapa kilikuja kwa njia ile ile. Kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na muungwana ni mtu asiye mtumwa. Hivi katika jina la lugha yetu wenyewe mizani ya daraja imekwisha kuingia. Sasa tumpime Portia.

3. Portia nyumbani kwake

Katika mizani ya daraja Portia yuko juu sana. Ana nyumba kubwa, watumishi, na mali. Akisikia kama deni la Antonio ni ducat 3000 anashangaa namna lilivyo dogo, anasema walipe mara mbili, na kuzidi. Feza iliyokaribia kumwua mfanyabiashara wa Venice, kwa Portia ni kitu cha kutoa mfukoni.

Katika mizani ya asili, naye yuko juu: ni mtu wa inchi, Mkristo, mweupe.

Lakini tumweke katika mizani ya tatu. Huyu mwenye kuamuru nyumba nzima hawezi kuchagua mume. Baba yake alikufa akaacha wosia: kuna visanduku vitatu, kimoja cha zahabu, kimoja cha feza, kimoja cha risasi, na ndani ya kimoja kuna picha ya Portia. Mwanaume atakayechagua kisanduku chenye picha ndiye atakayemwoa. Portia hawezi kumkataa huyo, wala kumchukua mwingine. Baba amekufa, mkono wake haujafa.

Kisha Bassanio anachagua vizuri, anafungua kile cha risasi. Portia anafurahi, kwa sababu huyo njo aliyempenda. Na palepale, kwa kinywa chake mwenyewe, anasema kama nyumba, watumishi na yeye mwenyewe sasa ni vya Bassanio. Dakika moja nyuma alikuwa bwana wa nyumba. Mwanaume aliyekuja kwa feza ya mkopo amekuwa mwenye yote, kwa sababu tu ni mume. Portia anabakiza uzi mmoja: anampa pete, anamwapisha asiitoe kwa mtu yeyote. Uzi ule tutauona tena.

4. Mwana wa mfalme kutoka Moroko

Kabla ya Bassanio alikuja mchumba mwingine, Mwana wa mfalme wa Moroko. Ni mwanaume, ni wa ukoo wa kifalme, ni askari shujaa. Katika mizani ya daraja amemshinda Bassanio mbali. Lakini maneno yake ya kwanza mbele ya Portia ni kuomba asichukiwe kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Tufikiri kidogo: mtu mkubwa kama yule, anaingia nyumba ya watu, na kabla ya salamu kuisha analazimika kuombea ngozi yake radhi.

Portia anamjibu kwa adabu kama yeye ni mzuri sawa na wachumba wengine wote waliokuja. Lakini msomaji anajua alichosema kwa Nerissa, mtumishi na rafiki yake, kabla mgeni hajaingia: hata kama mtu yule angekuwa na moyo wa mtakatifu, akiwa na rangi ya shetani, hamtaki. Na Moroko akiisha kushindwa na kuondoka, Portia anaomba wote wa rangi ile wachague vilevile. Mbele ya uso, asali. Nyuma ya pazia, rangi.

Mtu atasema, "Portia aliwacheka wachumba wote." Ni kweli. Alimcheka Mfaransa, Mwingereza, Mdachi, na yule wa Aragon aliyechagua kisanduku cha feza. Lakini kwa hao alicheka tabia, ulevi, majivuno. Tabia mtu anaweza kuiacha. Kwa Moroko alitaja ngozi.

Moroko alichagua zahabu, akakuta ndani fuvu la kichwa cha mtu. Sisi wa Salamabila, tulio karibu na Namoya ambako zahabu imechimbwa tangu siku za Wabelgiji, hatuhitaji mwalimu wa kutufasiria kisanduku kile. Tunajua kama anayeshuka shimoni si njo anayeivaa. Lakini tusisahau kiapo: kila mchumba aliapa kwamba akikosa, hataposa tena mwanamke yeyote maisha yake yote. Moroko anaondoka na kiapo kile mgongoni. Na Portia, ambaye hawezi kumchagua mume, anabaki akishukuru. Mtu mmoja anaweza kukandamizwa katika mizani moja, na katika nyingine yeye njo mwenye kukandamiza. Hilo ni jambo la kwanza la kushika katika somo hili.

5. Portia ndani ya tribinali

Siku ya kesi hakuna aliyeweza kumwokoa Antonio. Mtawala wa Venice alishindwa, matajiri walishindwa. Akaja kijana mmoja, daktari wa sheria, na karani wake. Kijana yule ni Portia aliyevaa nguo za kiume, na karani ni Nerissa. Akaikubali kontra kama ilivyo: Shylock akate nyama yake. Lakini kontra inasema nyama, haisemi damu. Tone moja la damu likimwagika, mali ya Shylock itachukuliwa. Na akate ratili moja kamili, isizidi wala kupunguka hata kwa uzito wa unywele. Kesi ikageuka.

Tulipozungumza juu ya hayo darasani, mmoja alisema, "Yee alikuwa na akili tu, njo maana alishinda. Mambo ya mali na rangi yametoka wapi?" Ni swali zuri, tulijibu hivi. Akili alikuwa nayo, hakuna ubishi. Lakini akili ile ilipandaje mpaka ikafika mbele ya juji? Kwanza, Portia alimtuma mtumishi kwa ndugu yake Bellario, daktari mkubwa wa sheria kule Padua, na Bellario akatoa maandishi, mavazi, na barua ya kumtambulisha. Pili, alikuwa na gari la kusafiria na watu wa kumlindia nyumba. Tatu, aliweza kuwaambia watu kama anakwenda kwenye nyumba ya watawa kuomba, na hakuna wa kumwuliza zaidi. Nerissa naye ana akili, anajibizana na bibi yake toka mwanzo. Lakini peke yake, bila mali ya Portia, Nerissa angepata wapi barua ya Bellario?

Basi jibu letu ni hili. Portia alikuwa juu katika mizani mbili, na ile ya tatu iliyomshusha aliifunika kwa nguo. Katika Venice ile mwanamke hakusimama katika tribinali kama avoka. Maneno yale yale, akili ile ile, sauti ile ile. Kilichobadilika ni vazi, na wanaume wote wakasikiliza. Na siku za Shakespeare katika London wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika nyumba za michezo ya watu wote, vijana wa kiume walicheza nafasi zao. Hivi waliotazama waliona mvulana aliyevaa kama mwanamke aliyevaa kama mwanaume, na hata kwa mlango ule wa kuzunguka mwanamke mwenyewe hakuingia.

Na ule uzi wa pete? Kesi ikiisha, "avoka" anamwomba Bassanio pete yake kama zawadi, na Bassanio anaitoa. Wakifika nyumbani Portia anamwuliza pete iko wapi. Bassanio anasimama mbele ya mke wake kama mshitakiwa. Sasa wamesimama karibu sawa, lakini tujue ilimgharimu nini Portia kufika pale: alipaswa kwanza kuwa mwanaume kwa siku moja.

6. Shylock: feza bila inchi

Shylock ni mwanaume na ana mali. Antonio anamjia kwa kukopa. Lakini Antonio yule yule alimtemea mate na kumwita mbwa mbele ya watu, na siku ya kukopa hakuomba radhi. Alisema atafanya tena. Mali ya Shylock inaweza kununua vitu vyote isipokuwa nafasi ya kuitwa mtu wa Venice.

Hayo Shakespeare hakuyazua yote. Mwaka 1516 serikali ya Venice iliwaweka Wayuda katika mtaa mmoja, na milango yake ikafungwa usiku. Jina la mtaa ule, Ghetto, limeenea dunia nzima. Wazee wetu wanaojua siku za Wabelgiji hawatashangaa. Nao walikuwa na mtaa wa wazungu na mtaa wa weusi, na saa ya usiku ambayo mtu mweusi hakupaswa kuonekana kule. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya kumheshimu mweusi "aliyestaarabika", na mwaka 1952 wakaongeza njia nyingine ya kumwandikisha. Mtu alipaswa kuchunguzwa mpaka nyumbani kwake kabla ya kuipata. Alisoma, alikuwa na mshahara, alivaa koti. Bado mizani ya asili ilimngoja mlangoni.

Tukilijua hilo, tunaelewa kwa nini Shylock alikataa feza mara mbili na mara tatu. Kontra ilikuwa mahali pekee ambapo sheria ilimwona sawa na Antonio. Alitaka kulipiza kisasi, na kisasi chake ni kibaya, hatukitetei. Lakini tuone mwisho. Akiisha kushindwa juu ya damu, alitaka kuondoka. Portia akamwita arudi: kuna sheria nyingine. Mgeni akitafuta kumwua mwananchi, nusu ya mali yake inakwenda kwa huyo mwananchi, nusu kwa serikali, na uhai wake uko mkononi mwa Mtawala. Mgeni! Mtu aliyekaa na kufanya kazi katika mji ule. Usawa wa kontra ulikuwa pazia. Nyuma yake sheria ya kweli ilikuwa inangoja.

Kisha Antonio akaweka sharti: Shylock awe Mkristo. Portia akamwuliza kama ameridhika, akasema ameridhika. Sisi wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti hatuwezi kuruka mstari ule. Kabla ya hapo Portia alisema vizuri sana juu ya rehema, na kweli hakuna maneno yanayopendeza kuyasoma kwa sauti kuliko yale. Lakini ubatizo unaotolewa kama hukumu ni rehema ya namna gani? "Ndiyo" ya mtu aliyefungiwa milango yote haiitwi imani.

7. Wale wasiosema

Katika kesi ile ile, kabla Portia hajaingia, Shylock aliwauliza wakubwa wa Venice swali moja. Akasema ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumia kama punda na mbwa. Nikiwaambia muwaache huru, muwaoze kwa watoto wenu, mtajibu kama watumwa ni mali yenu. Basi nyama hii nami nimeinunua.

Tafuteni katika kitabu nani aliyemjibu. Hakuna. Mtawala anageuza maneno, anauliza habari za Bellario. Shylock naye hakuuliza kwa kuwahurumia watumwa. Aliwatumia kama ushahidi wa kesi yake. Watumwa wametajwa, wamesahauliwa, na tribinali imeendelea.

Na kuna mmoja ambaye wasomaji wengi hawamwoni kabisa. Yuko katika sehemu ya tatu, onyesho la tano, kule Belmont. Lorenzo anamwambia Launcelot, mtumishi mchekeshaji, kama amemtia mimba mwanamke mmoja mweusi. Launcelot anajibu kwa kuchezea maneno, wanacheka, wanaenda kula. Mwanamke yule haingii jukwaani hata mara moja. Hana jina. Hasemi kitu. Hatujui kama alipenda au alilazimishwa, wala mtoto wake atazaliwa wapi.

Tumpime. Jinsia: mwanamke. Daraja: yuko chini ya Launcelot, ambaye mwenyewe ni mtumishi. Asili: mweusi. Katika mizani zote tatu yuko chini. Moroko ana rangi ile, lakini ni mwana wa mfalme, basi anapewa kiti na maneno mazuri ya kusema. Nerissa ni mtumishi, lakini ana jina, anaolewa, anavaa nguo za karani. Portia ni mwanamke, lakini ana Belmont. Yule wa mwisho hana hata kimoja cha kushikilia, na njo maana mwandishi, mwenye akili nyingi kiasi kile, hakumpa hata mstari mmoja. Ukitaka kujua ukubwa wa nguvu za Portia, mpime kwa mwanamke huyo. Wako Belmont wote wawili, na Portia hakumtaja hata kwa neno.

8. Inatuhusu nini?

Tusicheke nguo za Portia. Hapa kwetu, Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kusimama katika tribinali kwa kesi ya kiraia, kabla ya kununua au kuuza mali. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ikatangaza usawa wa mwanamke na mwanaume, lakini ruhusa ile ikabaki katika sheria. Ilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Ni miaka 29. Kwa miaka yote ile, mama aliyedhulumiwa shamba au nyumba ya biashara alipaswa kupitia kwa mume kwanza. 

Sasa sheria imebadilika, na dada zetu mnaosoma hapa mnaweza kuwa avoka na juji kwa majina yenu wenyewe, bila vazi la kuazima. Lakini kumbukeni swali la Nerissa: nani atalipa njia ya kwenda tribinali? Mama anayeuza mihogo sokoni na mama mwenye nyumba ya mawe wote wawili ni wanawake, lakini mbele ya mlango ule hawasimami sawa. Sheria imeinua mizani moja. Nyingine bado zinangoja.

Na shuleni? Sisi wakapita tunashika daftari ya wapiga kelele. Ni nguvu ndogo, lakini ni nguvu. Anayeandikwa anafagia uwanja. Tukilichukua somo la Portia kwa kweli, halitakaa katika daftari ya fasihi peke yake, litaingia na katika daftari ile nyingine.

9. Kazi ya kufanya

Kwa wanaotaka kujizoeza, haya ni maswali. Mjibu kwa sentensi kamili, na kila jibu mlionyeshe mahali pake katika kitabu.

(a) Mpime Jessica, binti wa Shylock, katika mizani tatu, kabla na kisha kutoroka na Lorenzo. Alipata nini, aliacha nini?

(b) Bassanio ana nguvu gani ambazo hakuzitafuta yeye mwenyewe?

(c) Kama Moroko angechagua kisanduku cha risasi, hadithi ingekwendaje? Portia angefanya nini na wosia wa baba yake?

(d) Andikeni ukurasa mmoja ambamo yule mwanamke wa Belmont asiye na jina anasema mwenyewe. Mpeni jina kwanza. Msimfanye alie tu. Mwacheni aseme anachotaka.

(e) Swali la mwisho ni kwa wakapita wote, na wa mwaka ujao pia. Fungueni daftari ya wapiga kelele ya muhula huu, mhesabu. Ni watoto wa nani wanaoandikwa mara nyingi? Ni majina ya nani hayaonekani hata mara moja, ingawa sauti zao zinasikika mpaka barabarani? Leteni hesabu ile katika mkutano wa wakapita kabla ya mtihani, tuisome pamoja.